Msimcheke Mpenda Treni

Nilipotea kidogo, testi zilifuatana na bumu nalo likachelewa, yani we acha tu. Nimerudi, na leo nina ubishi.

Hapa hosteli tuna jamaa anayependa treni. Sio kupanda tu, KUPENDA. Akisikia honi kwa mbali anaacha ugali mezani. Atakwambia reli ya kati ina upana wa mita 1, TAZARA milimita 1,067 na SGR milimita 1,435, na wala hujamuuliza. Wikiendi anapanda treni kwenda mahali asikokuwa na shida napo, anarudi. Watu wamembatiza Stesheni Masta na kwenye vimbweta ndiyo kicheko cha kila siku.

Mimi nasema huyo jamaa anajua jambo moja ambalo wengi wetu tukifika kwenye tambukareli hatulijui: treni haina usukani, na breki zake si za daladala. Dereva wake akikuona umekwama relini anachoweza ni kupiga honi na kufunga breki, halafu treni nzito inaendelea kuserereka mamia ya mita, pengine kilomita nzima. Kwa hiyo anayetakiwa kusimama ni wewe.

Tarehe 29 Novemba 2023 kule Manyoni, Singida, basi lililokuwa linatoka Mwanza kuja Dar es Salaam liligongana na kichwa cha treni. Watu 13 wakafa. Sio treni nzima jamani, kichwa tu. Na kila ikitokea ajali ya namna hii tunasema neno lile lile, uzembe wa dereva, tunazika, basi.

Uzembe upo, sikatai. Ila sisi tunaosoma ualimu tunajua mtu hafanyi kosa kwa sababu ya ubishi tu, kuna na jinsi jicho linavyomdanganya. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kuhusu ajali za tambukareli. Hoja yake ni kwamba kitu kikubwa huonekana kama kinakwenda taratibu kuliko kasi yake halisi. Ongeza na hili: treni inayokujia uso kwa uso haikatizi mbele yako, inakua tu, mwanzoni kidogo kidogo, halafu ghafla imejaa mbele yako. Bodaboda anachungulia, anaona kama iko kuleee, anapita. Treni ya kilomita 50 kwa saa inakula mita 100 kwa sekunde 7 tu. Pikipiki ikizimika hapo katikati, sekunde 7 ni za nini?

Ndiyo maana mimi siamini sana kwenye kibao cha X peke yake. Angalia SGR. Ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, Juni 2024, ilikuwa imezungushiwa uzio na barabara zinapita juu au chini yake. Waliojenga hawakusema wananchi wawe makini halafu wakakaa, waliondoa kabisa pale pa kukutania. Reli ya zamani hatuwezi kuinyanyua yote, pesa hakuna, lakini geti na mtu wa kulifunga kwenye tambukareli zenye mabasi na watoto wa shule, hilo nalo linatushinda?

Sasa na nyie wapenda treni msivimbe vichwa. Juni 2024 huko Hidalgo, Mexico, watu walijazana kuitazama Empress, injini ya mvuke ya mwaka 1930 iliyokuwa imetoka Kanada. Mwanamke mmoja akasogea kujipiga picha karibu na reli, injini ikampiga, akafa palepale. Treni ni pana kuliko reli zake! Hata kwenye hii yetu ya mita 1, behewa lina zaidi ya mita 2 na nusu, kwa hiyo pembeni inazidi kama robo tatu ya mita kila upande. Stesheni Masta wetu anasimama mbali, na akiona mtu anakaa juu ya reli kupiga picha anafoka kama mama mkwe. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Ombi langu ni kwa wenzangu wa ualimu tu. Fildi inakuja, na baadhi yetu tutapangiwa shule ambazo wanafunzi wanavuka reli asubuhi na jioni. Chukueni kipindi kimoja cha fizikia au hata hesabu. Mwendokasi, umbali, muda. Badala ya lile gari la kitabuni linalotoka mji A kwenda mji B, wekeni treni inayokuja na mtoto mwenye begi. Nimemuomba Stesheni Masta anipe namba sahihi za injini na mabehewa, kaniandikia kurasa nne mbele na nyuma. Anayetaka anitafute nitoe kopi, ila hela ya kopi njoo nayo.