Waandikwe Nao

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya orodha ya wanafunzi wa zamani ambayo huchapwa katika kurasa za mwisho. Humo huandikwa wale waliomaliza kidato cha nne au cha sita, na mwaka waliomaliza. Jina langu limo. Lakini naona orodha hiyo ina upungufu, na upungufu wenyewe ulianza mwaka 2020.

Ninyi mlio shuleni sasa mlikuwa wadogo wakati ule, kwa hiyo nitakumbusha kwa ufupi. Jumatano tarehe 18 Machi 2020 Rais alitangaza kuwa shule zote zifungwe kufikia Ijumaa tarehe 20, ili kuuzuia ugonjwa wa korona. Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyejulikana katika Uganda. Wa kwanza alithibitishwa Jumamosi. Mimi nilikuwa kidato cha nne, na mdogo wangu Bwambale kidato cha pili. Tulifunga masanduku yetu tukidhani tutarudi baada ya mwezi mmoja. Sisi watu wa Bwera hatukuogopa sana. Juni 2019 Ebola ilikuwa imeingia kwetu kutoka Kongo, tukazoea kunawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto pale Mpondwe, nayo ikapita tukiwa darasani.

Nyumbani tulikuta watu katika shughuli. Dada yetu alikuwa aolewe Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Shangazi zetu wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, walikuwa wamekwisha kushona nguo za sare. Mara mpaka ukafungwa kwa watu. Malori ya mizigo tu ndiyo yaliyopita. Tarehe 25 Machi magari ya abiria yakasimamishwa, na wauzaji wa vitu visivyo chakula wakaondolewa masokoni. Mama alikuwa akiuza mitumba, na wateja wake wengi walitoka Kongo. Biashara yake ilikufa mara mbili kwa juma moja.

Baba alikuwa mwalimu katika shule moja ya msingi ya watu binafsi mjini Kasese, akakaa huko katika chumba cha kupanga na kuja Bwera mwisho wa juma. Alikuja na taksi siku chache kabla ya barabara kunyamaza, mkononi ana mfuko mmoja tu. Mshahara wa Machi haukuja, wala wa Aprili, kwani karo za wanafunzi ndizo zilizokuwa zikiwalipa walimu. Mwezi Mei mto Nyamwamba ukafurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuiharibu Hospitali ya Kilembe. Chumba cha baba kikaingia maji na tope. Vitabu vyake vyote vikapotea.

Basi fedha za harusi zikageuka unga wa muhogo na maharagwe. Hakuna aliyetangaza kuwa harusi imevunjika. Mama alizitoa kidogo kidogo, na dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumwa dukani. Aliolewa miezi mingi baadaye, mbele ya watu wachache, bila shangazi hata mmoja.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Fedha zile zilipokwisha, Bwambale alichukua baiskeli ya baba akaanza kubeba mizigo: mahindi, maharagwe, na kahawa kutoka vilimani mpaka kwenye malori. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mimi sikwenda naye. Baba alisema, "Wewe una mtihani, soma." Nikakaa na daftari zangu kando ya redio kusikiliza masomo, na jioni nikala alicholeta mdogo wangu. Wakati ule niliona ni halali kabisa.

Tarehe 15 Oktoba 2020 madarasa ya mtihani yaliitwa kurudi. Bwambale alilifunga sanduku langu juu ya baiskeli akalisukuma mpaka barabarani. Sehemu ya karo niliyolipa siku ile ilikuwa jasho lake. Nilifanya mtihani Machi 2021, nikafaulu, na kwa hiyo jina langu limo katika orodha.

Zamu ya madarasa mengine iliendelea kwa kuchelewa. Kisha tarehe 7 Juni 2021 shule zote zikafungwa tena, zisifunguliwe kwa watu wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa hesabu ya UNESCO zilikuwa majuma 83, na hapakuwa na nchi iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kuwa wanafunzi kama 30 katika kila 100 huenda wasirudi kabisa.

Siku ile ya Januari baba alimwita Bwambale akamwambia ajitayarishe. Alijibu kwa heshima: "Baba, nikirudi mimi, nani atalipa karo ya Masereka?" Baba hakuwa na jibu. Shule aliyofundisha haikufunguliwa tena. Majengo yake yamepangishwa watu wengine. Tangu siku hiyo Bwambale hakuvaa tena sare ya shule yetu.

Sisemi kwamba Serikali ilikosea kufunga shule. Ugonjwa ulikuwapo, na watu walikufa. Maoni yangu ni juu yetu sisi wenyewe. Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani nimewasikia wenzangu wakisema kwamba vijana wale walionja fedha wakaona elimu haina maana. Huenda wako wa namna hiyo. Lakini mimi na Bwambale tulizaliwa nyumba moja, tukasoma shule moja, na alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Kilichotutenga ni darasa tu. Mimi niliitwa baada ya miezi 7, yeye aliitwa baadaye sana. Kama angalikuwa yeye katika kidato cha nne, mimi ndiye ningaliyesukuma baiskeli.

Najua nitajibiwa kwamba orodha ni heshima ya waliomaliza, na kwamba tukiwaandika walioacha, heshima itapungua. Jibu langu ni kwamba wao hawakuacha shule. Shule ilifungwa wakiwa ndani yake, na ilipofunguliwa walikuwa wamekwisha kubeba mzigo usioweza kutuliwa chini. Mwaka 2022 Serikali ilizitaka shule ziwapokee hata wasichana wenye mimba na wale wanaonyonyesha. Ikiwa mlango wa darasa ulifunguliwa namna hiyo, kurasa mbili za gazeti zitafungwa kwa sababu gani?

Wengine watauliza, jina katika orodha litamfaa nini mtu anayeendesha bodaboda Mpondwe? Litamfaa. Walio katika orodha huletewa barua ya mkutano. Mkutanoni hupatikana habari za kazi, na za mafunzo ya ufundi, na mtu wa kumwonyesha njia yule anayetaka kusoma tena. Asiyeandikwa hapati barua, na asiyepata barua hudhani amesahauliwa. Bwambale hupita mbele ya lango letu akipeleka abiria, wala hageuzi uso. Nilipomuuliza, alisema, "Pale si pangu."

Kwa hiyo natoa shauri hili. Madaftari ya mahudhurio ya mwaka 2020 yatazamwe, na kila mwanafunzi aliyekuwa darasani tarehe 20 Machi aandikwe katika orodha, awe amerudi au hakurudi. Mbele ya jina lake uandikwe mwaka ule tu. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji watu wawili na Jumamosi chache. Mimi najitolea kuwa mmoja wao.

Sisi Wakonzo tunajua ubaya wa kuruka jina. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Mgeni akisikia kwamba nyumbani kuna Baluku na Masereka, swali lake la kwanza ni hili: Bwambale yuko wapi? Masereka wetu sasa anasoma katika shule hii, kwa karo inayolipwa na kaka yake. Akimaliza, jina lake litachapwa chini ya langu. Siku hiyo yeyote atakayesoma ukurasa ule atauliza swali lile lile, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumjibu kwamba yupo, ila hatukumwandika.

Wako mtiifu,
Baluku,
Mwanafunzi wa zamani, Bwera