Mkeka wa Oscar Umechanika, Bingwa Kafuta Posti

Kuna mtangazaji mmoja hapa Dar, jina linahifadhiwa, kila ukifika msimu wa Oscar anageuka profesa. Anashusha mkeka wake wa washindi, kipengele kimoja baada ya kingine, halafu chini anaandika eti wasiojua filamu wakae pembeni. Mwaka 2025 mkeka ulikuwa na Demi Moore kwenye mwigizaji bora wa kike, na jamaa aliusimamia kwa kifua kabisa.

Akatokea dada mmoja, muuza viatu Kariakoo, akaandika komenti ya mistari miwili. Anora kaiangalia mara mbili kwenye simu, yule binti Mikey Madison anacheza mpaka unasahau kama anaigiza, pale mwishoni kwenye gari ndo kamaliza kila kitu, tuzo ni yake. Basi. Hakumtukana mtu. Bingwa akamjibu arudi kwenye tamthilia zake za Kituruki, sinema awaachie wenyewe. Wafuasi wakamshukia kwa vicheko, wengine wakaenda mpaka kwenye ukurasa wake kuponda viatu anavyouza, yaani riziki ya mtu! Mwisho dada wa watu akaandika "samahani kaka", akafuta.

Sherehe ilianza saa tisa usiku kwa saa za huku, kuamkia Jumatatu ya Machi 3. Asubuhi watu wako kwenye daladala, Madison kachukua. Anora ikaondoka na tuzo tano, filamu bora ikiwemo. Posti ya bingwa je? Haipo, kafuta. Na kumuomba radhi yule dada? Kimyaaa.

Kukosea utabiri siyo kosa, kila mtu anakosea. Kinachoudhi ni hii tabia ya kujifanya kwamba kutabiri tuzo ndiyo kujua filamu. Mikeka ya hawa mabingwa inapikwa hivi: unaangalia nani kachukua Golden Globe, nani kapewa na chama cha waigizaji cha Marekani, SAG, nani kabeba BAFTA kule Uingereza, unajumlisha, unaandika majina. Kazi hiyo unaifanya hata kama trela hujaliona. Ni sawa na mtu anayebeti mechi kwa kusoma msimamo wa ligi. Hakuna ubaya, ila usimuite mwenzako mshamba.

Tena hata hizo hesabu zenyewe zinawapiga chenga. 2019 SAG ilienda kwa Glenn Close, BAFTA kwa Olivia Colman. Oscar akachukua Colman. 2021 wengi walishampa marehemu Chadwick Boseman, aliyekuwa na SAG. BAFTA alikuwa nayo Anthony Hopkins. Waandaaji wakakiweka kipengele hicho cha mwisho kabisa, bahasha inafunguliwa, Hopkins, na mwenyewe ukumbini hayupo! 2024 SAG kwa Lily Gladstone, BAFTA kwa Emma Stone. Stone. 2025 SAG kwa Moore, BAFTA kwa Madison. Na usije ukasema BAFTA ndiyo dawa, maana 2023 walimpa Cate Blanchett na Oscar ikaenda kwa Michelle Yeoh mwenye SAG. Tuzo hizo mbili zikigongana hakuna mwenye uhakika, na mchambuzi mkweli angesema hivyo. Huyu aliandika "funga kazi".

Halafu wapiga kura wenyewe mnawajua? Ni zaidi ya watu 9,000, na kwa vipengele vingi hakuna aliyewalazimisha kuangalia filamu zote kabla ya kura ya mwisho. Mpaka Aprili 2025, baada ya sherehe 97, ndo ikatangazwa kwamba kuanzia tuzo za 2026 asiyeangalia filamu zote za kipengele hapigi kura kwenye kipengele hicho. Yaani Hollywood kwenyewe mtu alikuwa anaweza kuchagua mshindi bila kuangalia wote, ila Kariakoo, mtu kaiangalia muvi mara mbili kwa bando lake, anaambiwa hajui kitu.

Watakuja watu hapa kusema dada kabahatisha. Inawezekana. Lakini rudini kwenye ile komenti yake, walioipiga skrinishoti wanayo. Kaongelea uigizaji. Kataja sehemu iliyomgusa. Kwenye mkeka wa bingwa, majina yote yale, hakukuwa na sentensi hata moja kuhusu kilichomo ndani ya filamu yoyote. Sasa hapo nani aliyeangalia sinema na nani aliyesoma msimamo?

Tangu siku ile yule dada hajakomenti tena kwenye muvi. Anaposti viatu tu. Bingwa yeye kashatangaza mkeka mpya unakuja, na safari hii eti una uhakika zaidi.