Pistoni za Kiwandani au za Kufuliwa?

Baadhi ya vijana wetu wapendao kupeleka magari katika kiwanja cha mbio cha Lusail, kilichofunguliwa mwaka 2004, huuliza: injini ikifunguliwa, irudishiwe vipuri vyake vya asili au vya watengenezaji wengine?

Pistoni nyingi za kiwandani husubiwa kwa aluminiamu yenye silikoni nyingi. Hazitanuki sana, hivyo hukaa karibu na ukuta wa silinda, kimya, kwa miaka. Za kufuliwa ni ngumu kuvunjika. Lakini zile zenye silikoni kidogo hutanuka zaidi, fundi akalazimika kuziachia nafasi, nazo hugonga injini ikiwa baridi na hulika mapema. Kwa gari lipelekalo watoto madrasa siku nyingine, hilo si jambo dogo.

Asiyeongeza turbo na arudishe vya asili, vipya. Fedha iende kwenye kipozeo cha oili, maana joto la Doha halina huruma. Mwenye kuongeza turbo hana hiari: afunge za kufuliwa, pamoja na mikono ya pistoni na bolti zake. Bolti hizo ndizo zisahauliwazo. Mizunguko ikipanda kutoka 6,000 hadi 7,000 kwa dakika, nguvu inayozivuta huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ikikatika moja, mkono hutoboa bloku, na karo ya muhula imekwenda.