MTAMBO UKIFA WANAUZIKA USIKU!

HIVI ni kwa nini katika nchi hii ng'ombe akifa zizini anaitwa bwana mifugo ampasue aone kilichomuua, lakini mtambo wa umeme wa mabilioni ukifa unafunikwa turubai, na sisi walalahoi tunatupiwa maneno matatu tu: "hitilafu ya kiufundi"?

Hitilafu ni jina la ugonjwa gani? Ni sawa na daktari kuandika kwenye cheti kwamba marehemu amekufa kwa sababu ya kufa.

Mwandishi wa makala haya si injinia. Nimeishia kidato cha nne na fizikia ilinitoa jasho. Lakini hata mimi naelewa tabaini ya gesi si jini. Inavuta hewa, inaibana, inaichoma pamoja na gesi, na moto ule unasukuma mapanga yaliyopachikwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Moto wenyewe unapita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mapanga ya mbele hutengenezwa kwa aloi ya nikeli na hutobolewa vitundu vya kupitisha hewa ya kuyapoza. Vitundu vikiziba, panga linaiva. Chuma kikivutwa ndani ya joto hilo kwa maelfu ya saa kinarefuka kidogo kidogo mpaka kinakatika. Kikiwashwa na kuzimwa, kikiwashwa na kuzimwa, kinachoka na kuota ufa. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Ikivutwa na hewa na kukutana na salfa ya kwenye mafuta, inafanya utando unaokula panga likiwa la moto. Chujio la hewa likipuuzwa, tabaini nzima inaugua.

Kila kifo cha namna hiyo kinaacha alama yake. Chuma kilichochoka kina mistari kama ile inayoachwa mchangani maji yakikupwa. Fundi anayejua kazi anaifuata mpaka pale ufa ulipoanzia. Lakini ana masharti: vipande visioshwe, visisuguliwe, wala visiunganishwe kuona kama vinakaa. Panga moja likikatika linavunja mengine yaliyo nyuma yake, hivyo kazi yote ni kumtafuta aliyeanza. Mkishafagia na kutupa jalalani, ushahidi umekwisha. Au ndivyo mnavyotaka?

Tazama wenzetu. Tarehe 22 Agosti 1985, pale Manchester, Uingereza, Boeing 737 ya British Airtours iliwaka moto ikijiandaa kuruka. Walikufa watu 55, wengi kwa moshi. Wachunguzi wa serikali hawakusema "hitilafu". Waliingia ndani ya injini, na hiyo ni tabaini ya gesi kama hizi zetu, wakakuta kopo namba 9 la kuchomea mafuta limepasuka, kipande kimeruka na kutoboa tangi. Wakarudi nyuma mpaka 1983: kopo hilo hilo lilikuwa na ufa, likachomelewa, likarudishwa kazini. Wakafungua daftari la ndege wakakuta marubani walishaandika kwamba injini inachelewa kushika kasi. Mgonjwa alisema anaumwa, mafundi wakamrekebishia mafuta! Yote hayo yamo katika ripoti namba 8 ya 1988, iliyochapishwa ili kila mtu asome.

Au chukua Marekani. Tarehe 19 Julai 1989 sahani ya feni katika injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ya United Airlines ilipasuka angani, ikakata mabomba ya kuongozea ndege. Zaidi ya watu 100 walikufa Sioux City, jimbo la Iowa. Sahani yenyewe ilianguka mashambani. Je, walisema imepotea, tusahau? Thubutu! General Electric waliotengeneza injini walitangaza zawadi, na Oktoba mwaka huo mkulima akaikuta kwenye shamba lake la mahindi. Ikaonekana titani yake iliyeyushwa mwaka 1971 ikiwa na doa gumu la nitrojeni, ufa ukaota hapo na kukua safari baada ya safari. Kumbukumbu za kiwanda zilikutwa na sahani mbili zenye namba moja! Na wakaguzi wa United walishaikagua sahani ile mwaka mmoja na ushee kabla, wasiuone ufa ambao ripoti ya Novemba 1990 ilisema ulikuwa unaonekana.

Aibu kwa General Electric? Ndiyo. Aibu kwa United? Kubwa tu. Lakini kampuni zote mbili zipo hadi leo. Kwa hiyo yule bwana anayesema ripoti ni "siri ya biashara" atuambie, ni biashara ya nani? Ndiyo maana watu mitaani wanasema hii si serikali, ni siri kali.

Hapa kwetu uchunguzi mkubwa wa mitambo ya gesi tunaoukumbuka ni ule wa Richmond. Kamati ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kazi nzuri. Lakini ile kamati ilichunguza zabuni na mkataba. Ilichunguza karatasi. Chuma bado kinasubiri kamati yake.

Na hapa ndipo penye ulaji, msomaji. Panga likikatika kwa kosa la kiwandani, anayelipa ni kiwanda. Likikatika kwa sababu mtu alisaini kwamba amebadilisha chujio wakati hakubadilisha, au spea feki iliingizwa kwa bei ya spea halali, anayelipa ni wewe unayenunua luku. Bila ripoti, kila kosa linageuka kuwa lako. Bwawa la Nyerere halijafuta swali hili, maana Kinyerezi na Ubungo bado tunachoma gesi.

Mwandishi huyu alikwenda kwenye kituo kimoja kuomba kuona ripoti ya mtambo uliokuwa umesimama. Mlinzi akamrudisha getini, afisa kwa simu akasema, "Kijana, hayo mambo ni ya wataalamu."

Basi wataalamu wajibu: Panga la kwanza kukatika lilikuwa la ngapi? Lilikuwa na saa ngapi za kazi? Nani alilikagua mara ya mwisho, tarehe ngapi, na alisaini wapi? Na vile vipande viko stoo gani?