Nyua zetu zisibaki za saruji na kunguru

Umezuka mtindo katika upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wa kuufunika kwa saruji kila ua wa nyumba. Sababu zinazotolewa ni mbili: usafi, na nafasi ya kuongeza vyumba vya kupangisha. Sina ugomvi na usafi, wala na mwenye nyumba anayetafuta riziki. Hoja yangu ni kwamba pamoja na udongo tunazika maneno.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Nikiwauliza wanafunzi wangu waliozaliwa hapa Pwani wanitajie ndege watano wa uani, wengi hutaja kuku, bata na kunguru, kisha hunyamaza. Wengine wote kwao ni "ndege" tu. Ilhali Kiswahili kimempa kila mmoja jina lake: chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza utamu wa maua ya mgomba, shore, anayetoboa mapapai kabla hatujayaangua, mnana, anayechana makuti ya mnazi asukie kiota, pugi, anayedonoa mbegu chini, na tipitipi, ambaye wazee husema akilia mvua i karibu.

Kamusi peke yake haitatuokoa. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alikusanya msamiati mwingi wa Kimvita katika kamusi iliyochapishwa London mwaka wa 1882, na tangu hapo zimetungwa nyingine kadhaa. Lakini aghalabu utakuta jina la ndege limefasiriwa "aina ya ndege mdogo", basi. Maana iliyosalia imo uani.

Ndivyo yalivyo majira pia. Mwanafunzi hukariri kwamba kusi na kaskazi ni pepo za msimu, akajibu mtihani, akasahau. Aliyepanda kunde, bamia na mchicha mvua ya mwaka ilipoanza, akapanda tena wakati wa vuli, kisha akamwagilia matuta yake katika jua kali la kaskazi mwezi wa Januari, hana haja ya kukariri. Ataona hata mbayuwayu watokao Ulaya wakifika vuli na kutuaga masika yanapoingia.

Kunguru naye ana funzo lake. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na mwaka wa 1947 akaonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hustawi kwa taka tunazozitupa ovyo. Mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja. Sipingi. Lakini kumwangamiza kunguru hakutamrudisha chozi katika ua usio na maua.

Nitaambiwa kwamba mpangaji wa chumba kimoja Changamwe hana ua, na kwamba maji ya mfereji hayaji kila siku. Ni kweli. Hata hivyo, gunia la udongo au debe kuukuu latosha kuotesha mchicha na mrehani, na maji yaliyooshea mchele yafaa kunyweshea.

Walimu wenzangu, nyingi za shule zetu bado zina viwanja. Mvua ijayo itakapoanza, kila darasa lipewe tuta moja na daftari moja. Tuta lipandwe mboga. Daftarini iandikwe siku, jina la ndege aliyetua na alichokifanya. Jina lisipojulikana, mwanafunzi akamwulize nyanya yake, na kama kwao ni Udigoni au Ugiriamani, alete na jina la huko. Insha zitakazotokana na daftari hilo zitakuwa na maneno ambayo mwandishi ameyaona kwa macho yake.

Na mwenye nyumba anayejiandaa kumwaga saruji, ninamwomba jambo moja tu: asaze hatua mbili tatu za udongo kando ya ukuta.