Kamba inapimwa juu, programu vilevile

Sisi wachimbaji wa Bendera tunajua kanuni moja: kamba inapimwa juu, hapana chini ndani ya shimo. Ikikatika chini, mtu njo anakufa. Kwa nini programu ya masini haipimwe vilevile?

Siku hizi mali yetu inapimwa na mizani ya umeme. Siku moja, penye kuuzia, mizani ilikwama, ikaendelea kuonyesha uzito wa mwenzetu aliyetangulia. Tulipouliza, tukaambiwa masini haidanganyi. Lakini masini inafanya tu ile mtu aliyoiandikia.

Programu nyingi za masini ndogo zinaandikwa kwa C, lugha aliyoitengeneza Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake kuna pointa: ni kama karatasi yenye namba ya shimo. Shimo likifungwa ao likipewa mwingine, karatasi yako inabaki na namba ileile. Ukiifuata, unaingia pasipo pako, na C haikukatazi. Mara programu inaanguka. Mara inaendelea kutoa hesabu ya uongo bila kelele, na hiyo njo mbaya zaidi.

Dawa iko, tena ya bure. Kompaila GCC, tangu toleo 4.8 la mwaka 2013, ina chaguo -fsanitize=address; Clang nayo inalo. Fundi analiweka pamoja na -g, anajaribu programu kwanza kwenye ordinatere. Pointa ikikosea, programu inasimama palepale na kutaja mstari wenye kosa. Mwendo unapungua karibu mara mbili, njo maana ni ya majaribio tu. Na njia isiyojaribiwa, kosa lake halionekani.

Tarehe 19 Julai 2024, kosa la kusoma nje ya nafasi ya kumbukumbu, ndani ya programu ya CrowdStrike, liliangusha ordinatere karibu milioni 8.5 za Windows. Ndege nyingi zilibaki chini. Kama wakubwa wanaumia hivyo, sisi je?

Hatusemi pointa njo iliharibu mizani ile. Tunasema hakuna aliyetuonyesha kama ilijaribiwa. Kwa hiyo sendika inaomba mambo mawili: kila anayeleta mizani ao kipima-hewa aonyeshe karatasi ya majaribio mbele ya wajumbe wetu, na shule za ufundi za Kalemie zifundishe vijana chaguo hizi. Jasho letu lisipotee juu ya namba ya shimo lililofungwa.