Hoja Husimama kwa Ithibati, Si kwa Uzito wa Maneno

Miongoni mwa kasumba zilizoachwa na ukoloni katika shule zetu ipo moja isiyotajwa sana. Nayo ni imani kwamba mtu hawezi kuunga mkono rai au hoja kwa njia ya kisomi isipokuwa kwa Kiingereza. Kwa mujibu wa imani hiyo, Kiswahili ni lugha ya kusalimiana, ya kununua na kuuza, ya kuimba na kupiga soga. Lakini jambo linapotaka kutetewa kwa sababu na ushahidi, hapana budi mtu avae koti la Kiingereza. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina msingi, na kwamba inawadhuru vijana wetu kuliko tudhanivyo.

Nianze na jambo nililolishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mdahalo katika shule moja ya sekondari. Swali lilikuwa kama kijiji maskini kianze kujenga zahanati au kuchimba kisima, na mdahalo ulikuwa wa Kiingereza. Kijana mmoja alisimama, akanyoosha tai yake, akasema kwa ufasaha mkubwa kwamba anakubaliana kwa dhati na msemaji aliyemtangulia, kwamba rai yake haina kifani, na kwamba anaiunga mkono bila kusita. Kisha akaketi. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Baada yake alisimama msichana aliyetaka kueleza kwamba kijijini kwao, tangu kisima kilipochimbwa, watoto wanaougua kuhara wamepungua. Hiyo ndiyo ithibati pekee iliyoletwa siku ile. Lakini alikosea kitenzi kimoja cha Kiingereza. Wenzake wakaangua kicheko. Naye akasita, akaketi, asiseme tena. Tulipojumlisha alama, kijana wa tai alikuwa amempita mbali. Nasikitika kusema kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliompa alama hizo.

Tulimtuza kijana yule kwa sababu gani? Hakuleta sababu hata moja. Tulituza sauti ya Kiingereza rasmi. Basi yafaa tukichunguze Kiingereza hicho chenyewe, tuone nguvu zake zinatoka wapi.

Tukianza na maneno, tutaona kwamba mengi ya yale anayoyatumia Mwingereza anapotaka kuunga mkono rai kwa heshima hayakuzaliwa kwake. Neno "support" asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kubeba kitu kutoka chini. "Concur" ni kukimbia pamoja. "Subscribe" ni kuandika jina chini ya waraka. "Endorse" ni kuandika mgongoni mwa hati, kama mtu atiavyo sahihi nyuma ya hundi. "Corroborate" ni kutia nguvu, nalo limetokana na jina la mti wa mwaloni, ambao ugumu wake ulisifika kwa Warumi. Hizi zote ni picha za kazi za kawaida za mikono na miguu: kubeba, kukimbia, kuandika, kuimarisha. Zilipofika Uingereza, nyingine kwa kupitia Kifaransa, zilionekana nzito kwa sababu tu zilikuwa ngeni.

Wala Waingereza wenyewe hawakuepuka kasumba kama yetu. Baada ya nchi yao kutekwa na Wanormani mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama kwa muda wa karne kadhaa. Mwaka 1362 ilitungwa sheria iliyoagiza kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu wengi hawakukielewa Kifaransa. Lakini sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na ikaagiza kumbukumbu za kesi ziandikwe kwa Kilatini! Kilatini hakikuondolewa kabisa katika kumbukumbu hizo mpaka mwaka 1733. Mwaka 1573 mwandishi Ralph Lever alichapisha kitabu cha mantiki akitumia maneno ya Kiingereza asilia badala ya yale ya Kilatini. Msingi wa hoja akauita "semi la mbele", na hitimisho akaliita "semi la mwisho", kwa maneno ya lugha ya mama yake. Maneno yake mengi hayakudumu. Lakini dai lake kwamba lugha ya wananchi inaweza kubeba mantiki lilishinda. Leo nani anathubutu kulipinga?

Kwa hiyo, kama Kiingereza rasmi kina sifa katika jambo hili, sifa hiyo haimo katika maneno bali katika taratibu zilizojengwa kuyazunguka. Nitataja tatu.

Kwanza, taratibu za mikutano zinatenganisha kuunga hoja ijadiliwe na kukubaliana nayo. Mjumbe anapoitoa hoja, mwingine huiunga ili ipate nafasi ya kujadiliwa. Kitendo hicho hakimfungi kuikubali; kinasema tu kwamba jambo hili linastahili kufikiriwa. Pili, jaji wa Kiingereza anapoafiki uamuzi wa mwenzake, mara nyingi husema kwamba anauafiki kwa sababu ambazo mwenzake amezitoa. Na akiwa na sababu zake nyingine, huzieleza. Kinachoungwa mkono hapo ni sababu, wala si mtu. Tatu, chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society, kilichoundwa London mwaka 1660, kilichagua wito wa Kilatini ambao maana yake ni kwamba neno la mtu yeyote lisikubaliwe kwa kuwa amelisema yeye. Hata mkubwa akinena, aulizwe: ushahidi u wapi?

Je, taratibu hizo tatu zinashindikana kwa Kiswahili? La, hasha. Kiswahili kina kuunga mkono, kuafiki, kuridhia, kukubali na kushadidia, na kila neno lina mahali pake. Anayeridhia si lazima awe ameshawishika; huenda ameruhusu tu. Anayeafiki ameona kwamba rai mbili zinapatana. Anayeshadidia anaitilia nguvu rai ambayo tayari imekwisha kusemwa. Aidha, tunayo ngazi nzima ya kupimia uzito wa ushahidi. Jambo moja hudokeza. La pili huashiria. La tatu huonyesha. La nne hutia nguvu. Na la mwisho huthibitisha. Mwanafunzi anayeandika kwamba kupungua kwa wagonjwa "kunaashiria" faida ya kisima hasemi sawa na yule anayeandika kwamba "kunathibitisha". Wa kwanza amekuwa mwangalifu. Wa pili amejitwika mzigo wa kuonyesha kwamba hapana sababu nyingine iliyowapunguza. Nani amewahi kutufundisha tofauti hiyo katika somo la Kiswahili?

Na wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya shule kuja. Walisema dalili ya mvua ni mawingu, wakatufunza kwamba lisiloonekana bado hujulikana kwa ishara zake. Walisema jifya moja haliinjiki chungu, wakatufunza kwamba sababu moja pweke haitoshi kubeba hukumu nzito. Mwingereza ana mwaloni wake. Sisi tuna mafiga matatu, na chungu chetu hakijapata kumwagika kwa kukosa Kilatini.

Wapo watakaosema kwamba hoja, dalili na ithibati ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Ni kweli, wala si aibu. Kama Kiingereza kilijitajirisha kwa Kilatini kikabaki Kiingereza, Kiswahili nacho kimejitajirisha kwa Kiarabu kikabaki cha Kibantu katika muundo wake. Wengine watasema kwamba kijana asiyejua Kiingereza atapitwa na dunia. Sina ugomvi nao. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, kama lugha ya kigeni yenye manufaa. Ninachokipinga ni kukifanya kuwa mizani ya akili.

Hata hivyo tusijidanganye. Kuhamia Kiswahili peke yake hakutatuponya. Mara ngapi tumesikia mikutanoni mtu akisimama na kusema, "Naunga mkono hoja mia kwa mia," kisha akaketi bila kutoa sababu hata nusu? Huyo ni ndugu yake yule kijana wa tai. Ametofautiana naye kwa lugha tu. Bendera hufuata upepo, nayo haiulizi upepo unatoka wapi. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Hatua hiyo ni ya kujivunia; lakini mahakama itakayopata mawakili na mahakimu wasiojua kutofautisha dalili na ithibati haitamsaidia mwananchi, hata ikisema lugha yake.

Kazi hii, basi, ni ya walimu kwanza. Katika kila mdahalo, uwe wa Kiswahili au wa Kiingereza, iwe mwiko kwa mwanafunzi kusema "naunga mkono" bila kufuatisha "kwa sababu". Alama za ushahidi zizidi alama za matamshi. Katika insha, mwanafunzi aulizwe kwa nini amechagua "inaonyesha" badala ya "inathibitisha". Na anapocheka mwenzake aliyekosea kitenzi, aambiwe aijibu hoja kwanza, ndipo acheke kama bado anaona la kuchekesha.

Msichana yule aliketi akiwa na ukweli mdomoni, nasi tukaandika alama zetu. Kama kijiji chake kingengoja uamuzi wa mdahalo ule, watoto wake wangeendelea kuugua, huku ukumbi ukipiga makofi.